Una PhD ya uhandisi na unataka kuhamia kwenye fedha au biashara? Anzia hapa

Ujumbe ni ule ule kila mwezi, maneno tu ndo yanabadilika. "Kaka niko mwaka wa 4 wa PhD ya mitambo, nimechoka na maabara, naweza kuingia benki?" Mwingine: "Dada yangu kamaliza udaktari wa umeme, vyuoni hakuna nafasi, afanye MBA?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike mara moja, kila anayeuliza nimpe hii. Mimi nilifanya udaktari wa uhandisi wa nishati, saivi niko kwenye mikopo ya miradi, yaani upande ule unaoamua kama mtambo wa umeme ukopeshwe au usikopeshwe.

Kitu kimoja kishike kwanza maana hatua zote zimekaa juu yake: usiruke mbali na uhandisi wako. Ingia kwa mlango ulio jirani na kile unachokijua tayari, ukishakuwa ndani ya nyumba utahama chumba. Wengi ninaowaona wamekwama ni wale wanaojaribu kujifuta ili wafanane na mtu aliyesoma biashara, na huyo mtu yupo tayari, ana miaka 23, kafanya field mara mbili na mshahara anaoutaka ni mdogo kuliko wako.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Mkataba wako wa masomo, usome wote. Kama chuo au taasisi ya serikali ilikupeleka kusoma, kuna uwezekano ulisaini kwamba utarudi kufanya kazi miaka kadhaa au ulipe gharama. Nimeona mtu anapata ofa nzuri kabisa alafu anakumbushwa deni ambalo hakuwahi kulipigia hesabu. Jua kiasi, jua kama kinalipika kwa awamu.
- Viza, kama uko nje. Marekani mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anapata miezi 12 ya OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, na miezi 24 ya nyongeza kwa waliosoma sayansi na uhandisi, ila kazi lazima ihusiane moja kwa moja na ulichosomea, na kwa ile nyongeza mwajiri awe amesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Uingereza aliyemaliza PhD anapewa miaka 3 ya viza ya wahitimu. Hii inabadilisha kabisa mpangilio wako, hasa kama unataka kazi ya ushauri wa biashara isiyogusa fani yako.
- Akiba ya kula miezi 6, au uanze ukiwa bado unalipwa posho ya masomo. Hii ya pili ni bora.
- Excel uifungue kila siku mpaka mkono uzoee. Python yako ibaki pale pale, inasaidia, lakini kamati ya mikopo haifungui Python.
- Mwaka mmoja. Makampuni makubwa ya ushauri hasa ya Marekani hupokea maombi ya watu wa PhD mapema sana, mara nyingi kati ya mwezi wa 6 na wa 9, kwa kazi ya mwaka unaofuata. Ukisubiri mpaka utetee tasnifu umeshachelewa msimu mzima.

Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja, usigonge yote

Milango ni minne hivi.

Wa kwanza ni ushauri wa biashara, McKinsey, BCG, Bain na wenzao. Hawa wana njia maalumu ya kuajiri wenye PhD, na dokta anaingia ngazi moja na aliyemaliza MBA, hauanzii chini. McKinsey na BCG wana ofisi Nairobi. Hapa wanataka mtu anayefikiri haraka na kuongea kwa mpangilio, fani uliyosoma haiwashughulishi sana.

Wa pili ni ukwanti, kutengeneza modeli za bei na biashara ya hisa na hatifungani. Hii kazi iko London, New York, Chicago, Singapore, huku kwetu ni chache mno. Kama ulifanya hesabu za uhamaji wa joto utajikuta nyumbani, ile fomula ya Black na Scholes ya 1973, ya kupigia bei mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa baadaye, ukibadilisha vigezo inakuwa mlinganyo ule ule wa joto. Fischer Black mwenyewe hakutokea chuo cha biashara, udaktari wake wa Harvard ulikuwa wa hesabu. Ila kama tasnifu yako ilikuwa ya majaribio ya zege maabara, huu mlango ni mbali na wewe, usijitese.

Wa tatu ni ufadhili wa miradi: umeme, barabara, maji, bandari. Waajiri ni benki ya maendeleo ya Afrika kule Abidjan, TDB (benki ya biashara na maendeleo ya mashariki na kusini mwa Afrika), IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi), taasisi za fedha za maendeleo kama Norfund ya Norway na FMO ya Uholanzi, pamoja na benki za biashara zenye dawati la miundombinu. Kwa mhandisi wa Afrika Mashariki mimi naamini huu ndo mlango bora kuliko yote, nitaueleza zaidi kwenye hatua ya 4.

Wa nne ni hatari za mikopo ndani ya benki, bima na makampuni ya mikopo ya simu. Watu hawauoni huu. Tangu 1 Januari 2018 benki zinazofuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 9 zinatakiwa zikadirie hasara ya mkopo kabla haijatokea: uwezekano wa mteja kushindwa kulipa, mara sehemu ya hela itakayopotea akishindwa, mara deni lililobaki. We uliyekaa miaka 4 unakadiria beringi ya mashine itakufa lini, hiyo ni hesabu yako ile ile, mteja kakaa tu mahali pa beringi.

Kosa la kawaida hapa: kutuma maombi 80 kwenye milango yote kwa CV moja. Majibu yatakuwa kimya.

Hatua ya 2: Amua kama unamaliza au unaacha

Kama imebaki chini ya mwaka, maliza. Mwenye kumaliza anaulizwa swali moja la kwanini anahama, aliyeacha anaulizwa mawili. Kama imebaki miaka 3 na moyo umeshatoka, na chuo kinaruhusu kutoka na shahada ya uzamili, toka nayo bila aibu. Msimamizi wako mwambie ukishakuwa na mpango wa maandishi wa lini unakabidhi sura zipi. Usiende na malalamiko, nenda na tarehe.

Hatua ya 3: Jifunze lugha ya hela, wiki 10 zinatosha kuanza

Usinunue kozi ya gharama. Chukua ripoti ya mwaka ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa ambayo biashara yake unaielewa kiuhandisi. Mtu wa ujenzi asome ya Twiga Cement iliyoko soko la Dar es Salaam, mtu wa umeme au jotoardhi asome ya KenGen iliyoko Nairobi. Ripoti zipo bure kwenye tovuti zao. Soma taarifa tatu: faida na hasara, mizania, mtiririko wa fedha. Lengo ni uweze kujibu, bila kuangalia, kwanini kampuni inaweza kutangaza faida na bado ikakosa hela ya kulipa mishahara. Ukiweza kuifuata shilingi moja ya uchakavu wa mashine inavyopita kwenye taarifa zote tatu, umeshika nusu ya kazi.

Alafu jifunze thamani ya hela kwa muda, maana hapa ndo wahandisi wanaumbuka. Mfano: mashine ya milioni 100, inaingiza milioni 30 kila mwaka kwa miaka 5. Mhandisi anajumlisha anapata 150, anasema faida ni 50, tununue. Mtu wa fedha anauliza hiyo milioni 100 ingezaa nini kwingine, tuseme asilimia 15. Basi zile milioni 30 za mwaka wa 5 kwa leo ni kama milioni 14.9 tu, na ukijumlisha miaka yote mitano unapata kama milioni 100.6. Yaani umeambulia laki 6 tu. Panda mpaka asilimia 18, jumla inashuka 93.8, umepoteza milioni 6 na mashine inafanya kazi vizuri kabisa! Fanya hii hesabu mwenyewe kwenye Excel leo, usiiamini kwa kuisoma.

Hatua ya 4: Jenga modeli moja ya mradi, ndo cheti chako

Hii ndo hatua ninayowasisitiza watu kuliko zote na ndo wanayoiruka. Modeli moja uliyoijenga mwenyewe na unayoweza kuitetea mstari kwa mstari inafungua mlango kuliko vyeti vitatu vya mtandaoni.

Chukua mtambo wa jua wa megawati 10. Tarakimu ninazotumia ni za kujifunzia, we tafuta za mahali unapopajua.

Ukifanya kazi kwa wastani wa asilimia 20 ya uwezo wake, kwa saa 8,760 za mwaka, unatoa megawati-saa 17,520, yaani uniti milioni 17.52. Uza kwa senti 8 za dola kwa uniti, mapato ni kama dola milioni 1.40. Toa gharama za kuendesha laki 2, inabaki milioni 1.20. Ujenzi tuseme dola milioni 10, benki ikopeshe asilimia 70, yaani milioni 7, riba asilimia 8, miaka 12 kwa marejesho sawa. Kila mwaka unatakiwa ulipe kama dola 929,000.

Sasa gawanya 1.20 kwa 0.929, unapata 1.29. Hiyo namba wenyewe wanaiita DSCR, maana yake kwa kila dola 1 ya deni mradi una dola 1.29 ya kulipia. Hapa benki haijaanza hata kuuliza maswali. Itakwambia: huo ni uzalishaji wa mwaka wa kawaida, nipe wa mwaka mbaya. Mawingu yakizidi, vumbi kwenye paneli, uzalishaji ukashuka asilimia 8 tu, mapato yanakuwa 1.29, ukitoa gharama inabaki 1.09, na uwiano unaanguka mpaka 1.17. Kama mkopeshaji sharti lake ni 1.25, mradi umekataliwa, au mkopo unapunguzwa, au mwenye mradi anaongeza mtaji wake.

Umeona hapo nani ana faida? Mhitimu wa fedha anaweza kujenga hizo safu kwa haraka kuliko wewe, lakini hajui kama ile asilimia 8 ya kushuka kwa uzalishaji ni ya kweli. We unajua. Unajua vumbi linafanya nini kwenye paneli, unajua joto linakula ufanisi, unajua inveta inabadilishwa baada ya muda gani. Hapo ndo PhD yako inageuka kuwa hela, na hapo ndo inabidi ukae.

Ukishamaliza modeli andika kurasa 2 za uamuzi: ukopeshe au usikopeshe, kwa masharti gani, na kitu gani kinaweza kuua mradi. Mara nyingi kinachoua hakiko ndani ya mtambo. Angalia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo 365 ilikuwa imeshasimama 2017, lakini umeme uliingia gridi Septemba 2018 kwa sababu laini ya kusafirisha kwenda Suswa ilichelewa, na gharama ya ucheleweshaji ikaangukia upande wa serikali ya Kenya. Upepo ulikuwepo na mitambo ilikuwepo. Hatari ilikuwa kwenye nguzo na mikataba ya nguzo.

Kosa la kawaida: kufanya modeli iwe tata ili ionekane ya kidaktari. Safu za makisio weka mahali pamoja, rangi moja, kila mtu azione na azibadilishe. Mkopeshaji asipoielewa kwa dakika 10 hataitumia.

Hatua ya 5: CV ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja kweli, sio viwili kwa herufi ndogo. Machapisho 14 yawe mstari mmoja. Toa shule ya msingi, dini, hali ya ndoa. Kila mstari ujibu: nani aliamua nini tofauti kwa sababu ya kazi yako?

Ulivyokuwa unaandika: "Nilifanya uchambuzi wa uchovu wa metali kwenye mabomba ya mvuke kwa modeli za kihesabu."

Andika hivi: "Nilijenga modeli ya kukadiria lini bomba la mvuke litapasuka, muda wa hesabu ukashuka toka siku 3 mpaka saa 4, mtambo tulioshirikiana nao ukapanga matengenezo kwa kuitumia."

Namba iwe ya kweli, utaulizwa ulivyoipata. Na kuomba ruzuku ya utafiti, kununua vifaa, kusimamia wanafunzi wa uzamili, hizo ni kazi za bajeti na watu, watu wengi wanaziacha nje kabisa.

Hatua ya 6: Mitihani, kwa kipimo

CFA, hati ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi 3. Ngazi ya kwanza ni maswali 180 kwa vipindi viwili vya saa 2 na dakika 15, na wenyewe wanashauri usome kama saa 300 kwa kila ngazi. Ushauri wangu: fanya ya kwanza tu ukiwa bado unatafuta kazi, inaonyesha umeamua. Zilizobaki fanya ukiwa kazini, maana hata ukizifaulu zote hati yenyewe inahitaji saa 4,000 za uzoefu ndani ya miezi isiyopungua 36. Anayelenga mlango wa hatari za mikopo aangalie FRM, hati ya usimamizi wa hatari za fedha, ni sehemu mbili. Kenya kuna CIFA pia, hati ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu na fedha ya huko, inaheshimika na waajiri wa pale.

MBA ya kujilipia mara tu baada ya PhD mi siiungi mkono. Umetoka kukaa darasani miaka 4 au 6, kinachopungua kwako ni mwaka mmoja wa kazi.

Hatua ya 7: Ongea na watu 20

Tafuta waliotoka uhandisi wakaenda unakotaka, LinkedIn wapo. Ujumbe uwe mfupi, kitu kama hiki:

"Habari za kazi dada. Namalizia PhD ya umeme. Nimeona ulitoka kwenye mitambo ukaenda kwenye mikopo ya miradi, na mimi naifikiria njia hiyo. Naomba dakika 20 za simu, nina maswali 3 kuhusu kazi yenyewe ilivyo. Muda utakaokufaa wewe mimi nitakuwepo."

Kwa aliyekuzidi umri sana anza na shikamoo, hata LinkedIn, haikupunguzii kitu. Usiombe kazi siku hiyo. Uliza wiki yake iliyopita ilikuwaje, nini kilimchosha, na nani mwingine uongee naye. Hilo la mwisho usilisahau, ndo linalokutoa kwenye mtu 1 kwenda 20.

Hatua ya 8: Intavyu, jibu kwanza

Intavyu yangu ya kwanza niliulizwa kama benki ikopeshe mradi fulani wa maji. Nikaanza na makisio, nikaenda kwenye mbinu, mapungufu ya data, na nilipofika kwenye jibu mkuu wa jopo alikuwa ameshafunga daftari. Nilijibu kama ninavyoandika makala ya jarida. Kwenye fedha jibu linatangulia: "Ndiyo, kwa sharti moja, kwa sababu 3," alafu ndo unashuka. Fanya mazoezi kwa sauti, jirekodi kwenye simu, ukipita sekunde 20 hujasema jibu anza upya.

Kwa makampuni ya ushauri fanya keisi, yaani maswali ya kutatua tatizo la kampuni papo kwa papo, kama 30 na mtu mwingine, sio peke yako na kitabu. Kwa ukwanti tegemea maswali ya bahati nasibu: ukirusha dadu unalipwa namba iliyotoka, na unaruhusiwa kurudia mara moja, mchezo una thamani gani? Ni 4.25, kwa sababu unarudia ukipata 3 kushuka chini na unabaki na 4, 5 au 6. Kama huoni inavyotoka, rudi kwenye kitabu cha uwezekano kabla ya kutuma maombi.

Na "kwanini unaacha utafiti?" usijibu kwa kuuponda utafiti. Eleza siku uliyogundua unajali zaidi kama mtambo utajengwa kuliko kama makala itachapishwa, kama ndivyo ilivyo kwako.

Ukikwama

*Wanakwambia una elimu kubwa mno.* Wana hofu mbili, mshahara na kwamba utaondoka. Zijibu kabla hawajauliza: taja kiwango unachokubali, na sema wazi huna shida kuripoti kwa mtu uliyemzidi umri. Jina la dokta liache libaki kwenye CV, usilidai ofisini.

*CV inapita, intavyu unaanguka.* Tatizo ni hatua ya 8, acha kuhariri CV.

*CV haipiti kabisa baada ya maombi 15.* Rudi hatua ya 7, maombi yasiyo na mtu ndani yanazama. Au umechagua mlango wa mbali.

*Nyumbani wanasema umepoteza miaka.* Wazee waliuza ng'ombe au walichangishana uwe dokta wa chuo, inawauma na wana haki. Kaa nao, waonyeshe mradi mmoja wanaoujua, daraja au bwawa, waeleze kwamba kuna mtu alikaa akahesabu kama hela ya kulijenga itarudi, na hiyo ndo kazi yako sasa. Mama yangu alielewa hivo, sio kwa kumtajia benki.

*Umepata ofa na tasnifu haijaisha.* Omba tarehe ya kuanza isogezwe miezi 2 au 3, wengi wanakubali, iandikwe kwenye mkataba. Mimi sikuomba, nilianza kazi na sura mbili mkononi, zikanichukua miezi 14 ya kuandika usiku baada ya kazi. Kama wamekataa kusogeza, kabla ya siku ya kwanza kazini kubaliana na msimamizi kwa barua pepe kipi hasa kimebaki, sura kwa sura, ili asiongeze kingine ukiwa huna tena muda wa kubishana naye.